Tela Lilitaka Mkono Mzito

Mume wangu alivuta mkokoteni kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi aliamka kabla yangu. Alichemsha maji, akaoga nusu, akaniachia nusu nyingine kwenye sufuria. Hakuwahi kusema kwamba ameniachia. Niliyakuta tu, yamefunikwa.

Watu walimwita Mkono Mwepesi. Mgeni akilisikia jina hilo alishika mfuko wake, akidhani huyu ni mwizi. Wenyeji walicheka. "Usiogope," walisema. "Mwepesi ni mkokoteni wake, si vidole vyake."

Mkokoteni una magurudumu mawili. Mbele una mikono miwili mirefu ya kuvutia. Mzigo ukielemea mbele, mikono inashuka, na mvutaji anaubeba kwa mabega yake. Kwa hiyo mume wangu alipakia vitu vizito nyuma kidogo, mpaka mikono ikaelea. Kisha aliinua mkono mmoja kwa vidole viwili. Ukiinuka, alisema, "Mkono mwepesi, safari njema." Ndipo alipoondoka.

Kwa sheria hiyo alitulisha sote. Mwanetu aliijua kabla hajajua kusoma.

Nawaeleza haya mapema, kwa sababu sheria hiyohiyo ndiyo iliyotuumiza.

Magoti ya mume wangu yalichoka. Mwanetu alikuwa na pikapu kuukuu, na seremala wa mtaani kwetu alihitaji mtu wa kumpelekea milango kwa wateja. Lakini milango ilikuwa mirefu na pikapu ilikuwa fupi.

Siku moja mwanangu alirudi akivuta tela. Alilitoa nyuma ya kinu cha zamani, ambako lilikaa miaka mingi. Nyasi zilikuwa zimeota kupitia sakafu yake. Kuku alikuwa ametaga ndani. Mwenye kinu alimpa kwa sharti moja, amhamishie kifusi chake chote.

"Umeleta tela au banda la kuku?" mkewe alimuuliza.

"Nimeleta vyote viwili," mwanangu alisema. "Mayai haya hapa."

Mume wangu alilizunguka mara mbili. Alilipigapiga kwa fimbo. Sikuwa nimemwona akifurahi hivyo tangu mwanetu azaliwe. "Huu ni mkokoteni mkubwa tu," alisema. "Kazi hii naijua."

Walilitengeneza uani, baba na mwana, kwa wiki mbili. Fedha za kutengenezea zilikuwa chache sana. Walitoa mbao zilizooza, wakaweka nyingine. Tela lilikuwa fupi kwa milango, kwa hiyo waliliongezea sakafu upande wa nyuma, karibu hatua moja na nusu. Walitumia vyuma vya kitanda kibovu. Fundi mmoja aliyekuwa akipita na mashine yake alivichomelea juu ya kutu, akaenda zake. Mwisho walipaka rangi ya bluu kila mahali. Tela likang'aa kama jipya.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi fundi wa kuchomelea. Ni mwanamke mfupi, mwenye makovu madogo ya moto mikononi. Tunamwita Mama Cheche. Alipita siku ile rangi ikiwa bado mbichi.

"Limependeza," alisema. "Mkono wake mmeupima?"

Katika tela, mkono ni kile chuma kirefu cha mbele kinachoungana na gari.

"Mwepesi kama unyoya," mume wangu alijibu. Aliuinua kwa vidole viwili ili aone.

Mama Cheche alikunja uso. "Mzee, tela si mkokoteni."

"Binti, nilianza kupakia mizigo wewe bado unapakatwa."

Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka. Mama Cheche alikuwa na mteja anayemsubiri, akaondoka. Baadaye aliniambia kwamba neno moja lililobaki mdomoni siku ile limemnyima usingizi mara nyingi.

*

Safari ya kwanza ilikuwa ya milango minane na miimo yake, zile nguzo za kuishikilia. Miimo ya mbao ngumu ni mizito. Waliiweka nyuma kabisa, kwenye ile sakafu mpya. Hata hivyo mkono haukuinuka kwa vidole viwili.

"Bado mzito," mwanangu alisema.

"Ngoja," baba yake alisema. Akapanda, akakaa juu ya mzigo, mkiani. Hivyo ndivyo wavuta mikokoteni wanavyofanya. Mtu mmoja hukaa nyuma ili mikono iinuke. "Jaribu sasa."

Mwanangu aliuinua kwa vidole viwili.

"Mkono mwepesi," mume wangu alisema kutoka huko juu. "Safari njema."

Nilimpungia mkono. Alikaa pale kama bwana harusi.

Kuna mteremko baada ya kinu. Pikapu iliposhika kasi, tela lilianza kutikisa mkia. Kwanza lilitikisika kidogo. Kisha lilikwenda kulia na kushoto, kila mara zaidi. Mwanangu aliogopa, akakanyaga breki kwa nguvu. Tela likaisukuma pikapu upande. Kichwa cha tela, lile kombe la chuma linalokaa juu ya tufe la gari, kilichomoka. Mnyororo wa usalama haukuwapo. Walikuwa wamefunga kamba, na kamba ilikatika. Tela likapinduka mtaroni. Mume wangu akarushwa kwenye mawe.

Mimi nilifika wakati wameshamlaza kando ya barabara. Mwanamke anayeuza mkaa pale alikuwa amevua shali yake, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha mume wangu. Mwanamke huyo hakuja tena kuidai. Niliifua. Nilimpelekea, akakataa. Alisema, "Mwekee mgonjwa."

Nyonga ya mume wangu ilivunjika mahali pawili. Daktari alifanya alichoweza. Alituambia kwa upole, akiwa ameketi, si kwa kusimama mlangoni kama wengine. "Atakaa. Atageuka. Kutembea msikutegemee sana."

Tulimrudisha nyumbani. Tulimlaza chumba cha mbele, chenye dirisha la uani. Yeye aligeukia ukutani.

Siku ya tatu mwanangu alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Nilipakia kama ulivyonifundisha," alisema.

"Najua," baba yake alijibu, akiwa bado ametazama ukuta.

Hayo ndiyo maneno waliyoambiana. Baada ya hapo hawakusemeshana kwa wiki sita. Mwanangu alikula nje. Alikuja kumgeuza baba yake kitandani, akamfuta mgongo, akabadilisha shuka. Mikono yake ilifanya kila kitu kwa upole. Mdomo wake ulikaa umefungwa. Nilikuwa nawatazama, moyo ukiniuma kama jino.

*

Tela liliburutwa hadi uani. Lilikaa pale limeinama, rangi yake ya bluu imechubuka. Mwanangu alipita kando yake bila kulitazama.

"Nitaliuza kwa watu wa vyuma chakavu," alisema asubuhi moja.

"Halafu tule nini?" mkewe aliuliza. "Kutu?"

"Afadhali njaa."

"Njaa unaisema kwa sababu umeshiba uji. Ngoja watoto wakuambie wao."

Juma lile seremala alikuja. Milango yake mitano ilikuwa imevunjika pale mtaroni. Hakuitaja. Aliingia kwanza kwa mgonjwa, akakaa naye kitambo. Kisha akatoka uani.

"Nitawangoja mpaka mwezi uishe," alisema. "Baada ya hapo nitatafuta msafirishaji mwingine. Msinielewe vibaya. Na mimi nina watu wanaoningoja."

"Usingoje, fundi," mwanangu alisema. "Mimi nimeacha."

Seremala alimtazama, akatazama tela, akaondoka.

Mkwe wangu alijifunga shuka kiunoni. Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Cheche.

Mama Cheche alikuja jioni na nyundo ndogo, uzi mrefu na chaki. Mwanangu alikuwa ameketi kizingitini.

"Dada, usijisumbue," alisema. "Hili ni la kuuzwa."

"Basi niache nilitazame kabla halijauzwa. Macho hayali chuma."

Alizunguka tela kwa muda mrefu. Alichuchumaa, akaingia chini, akatoka na majani kichwani.

"Nikwambie kosa lilipokuwa?" aliuliza.

"Nalijua. Breki."

"Breki ilikuja mwisho. Kosa lilikuwa kupakia kama mkokoteni."

Mwanangu aligeuza uso kuelekea dirisha la baba yake. Dirisha lilikuwa wazi. Nilitaka kulifunga, lakini mume wangu alinishika kitambaa cha gauni. Alitaka kusikia.

"Mkokoteni unakwenda mwendo wa mtu," Mama Cheche alisema. "Mkia ukiyumba, mvutaji anauhisi, anasimama. Hakuna anayeumia. Gari linakwenda mbio. Mkia ukiwa mzito na mkono ukiwa mwepesi, kuyumba kidogo kunazaa kuyumba kukubwa zaidi. Mwishoni mkia ndio unaomwendesha ng'ombe."

"Sasa tufanyeje?" mkwe wangu aliuliza.

"Tela linataka mkono mzito."

"Mkono mzito?" mkwe wangu alisema. "Basi limepata nyumba yake. Huyu mume wangu hata chumvi anaihesabu punje."

Mwanangu aliinama. Mabega yake yalitikisika kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ile siku, nacho kilikufa upesi.

"Uzito wenyewe una kipimo," Mama Cheche alisema. Alichora tela ardhini kwa kijiti. "Huu mtaimbo unaoshika magurudumu mawili ni ekseli. Gawanya mzigo wako mafungu kumi. Mafungu sita yakae mbele ya ekseli, manne nyuma. Halafu pima kichwa cha tela. Ukichukua uzito wote, wa tela na wa mzigo, sehemu moja katika kumi ikae pale mkononi. Ikizidi kidogo si neno. Ikizidi mno, pikapu itainua pua na usukani utakosa nguvu. Ikipungua, umeyaona mwenyewe."

Mwanangu aliutazama mchoro. Kisha akaufuta kwa mguu, taratibu, kama mtu anayefunika kitu.

"Baba hakujua," alisema.

"Mimi nilijua, nikaenda kwa mteja," Mama Cheche alisema. "Kila mtu hapa ana chake cha kubeba. Kesho nakuja na mashine. Umeme utautoa wewe."

Ndani, mume wangu aliachia gauni langu. Aligeukia ukutani tena.

*

Kazi ilichukua siku tisa. Nami nitaieleza kama nilivyoiona, maana mwenye tela kuukuu huenda akaihitaji.

Kwanza Mama Cheche alimpa mwanangu nyundo. "Gonga fremu yote, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinakohoa."

Mwanangu aligonga. Tela lililia, likalia, likalia. Nilikuwa ndani nikimlisha mume wangu uji. Alisukuma kijiko.

"Mwambie agonge chini ya sakafu," alisema. "Kona ya kushoto, nyuma ya gurudumu."

"Kuna nini hapo?"

"Nilisikia sauti mbovu pale tulipokuwa tunatengeneza. Nikaipaka rangi."

Nilitoka na kumweleza mwanangu maneno hayo kama nilivyopewa. Aliingia chini ya tela. Aligonga mara moja, na nyundo ikapenya mpaka mpini.

Alikaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," alisema alipotoka, "mwambie nimepaona."

Walikata kipande kile kibovu chote, mpaka walipofika kwenye chuma kizima. Walisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, ndipo Mama Cheche akachomelea. "Ukichomelea juu ya kutu umegandisha kutu na kutu," alisema. Chuma cha kuzibia alikileta yeye, kutoka kwenye geti la zamani pale karakana kwake. Mwanangu aliuliza atalipaje. Alijibiwa, "Utanihamishia geti jipya likiuzwa."

Ule mkia wa vyuma vya kitanda waliukata wote.

"Sasa milango itakaa wapi?" mwanangu aliuliza.

"Mbele. Ulichokiweka mkiani tukiweke kifuani."

Juu ya mkono wa tela palikuwa na nafasi tupu. Walijenga pale sakafu ndogo yenye fremu imara. Milango ikaweza kulala kuanzia mbele, na uzito ukahamia upande wa gari. Kabla ya kuchomelea kabisa, Mama Cheche alimtaka mwanangu aunge tela na pikapu, akate kona kali kulia, kisha kushoto. Alitaka kuhakikisha sakafu mpya haigongi kona ya pikapu.

Baadaye walichukua uzi. Waliufunga katikati ya kichwa cha tela, wakauvuta mpaka ncha ya kulia ya ekseli. Walitia alama ya chaki. Wakauvuta mpaka ncha ya kushoto. Haukulingana. Ulipishana kwa upana wa dole gumba.

"Ekseli ilihama tela lilipopinduka," Mama Cheche alisema. "Ukiacha hivi, litatembea upande kama kaa, na tairi zitalika upesi." Walilegeza nati, wakaisukuma ekseli, wakapima tena mpaka uzi ukalingana.

Siku ya magurudumu ndiyo nakumbuka vizuri. Waliliinua tela kwa jeki, wakaweka magogo chini ili lisianguke. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chini likiwa juu ya jeki peke yake. Mwanangu alizungusha gurudumu. Lilisaga kama jiwe la kusagia.

"Toa beringi," Mama Cheche alisema.

Beringi ni pete ya chuma yenye vigololi au vipipa vidogo ndani. Ndiyo inayofanya gurudumu lizunguke. Mwanangu aliziosha kwa mafuta ya taa. Zilipokauka alionyesha moja. Ilikuwa na vishimo na rangi ya bluu.

"Hii tuliipaka bahati mbaya," alisema.

"Bluu hii si ya kopo. Ni ya moto. Ilikuwa inaungua bila grisi. Hata bila ule mteremko, gurudumu hili lingewatoka siku moja."

"Nikizipaka grisi nyingi?"

"Mfu humpaki mafuta akafufuka. Nunua mpya. Sikiliza, ndugu yangu. Najua mfuko wako. Kuwa bahili kwenye rangi. Kuwa bahili kwenye mbao, hata masanduku ya mizigo yanatosha. Lakini usiwe bahili kwa kitu kinachozunguka wala kitu kinachoshika."

Basi mbao zilitoka kwenye masanduku aliyoyatoa seremala. Vifuniko vya juu ya tairi vilikatwa kwenye pipa. Mipira ya kufungia mzigo ilikatwa kwenye tyubu kuukuu. Rangi ilikuwa mabaki ya aina tatu, yakachanganywa yakatoa rangi isiyo na jina. Chini yake ilipakwa kwanza rangi ya kuzuia kutu. Beringi zilinunuliwa mpya, na mpira wake wa kuzuia grisi isitoke. Mwanangu alizijaza grisi kwa kiganja, akiisukuma mpaka itokee upande wa pili. Alikaza nati ya gurudumu, kisha akailegeza kidogo ili lizunguke bila kusaga wala kucheza. Akatia pini mpya ya kuizuia isifunguke.

Kombe la kichwa lilinunuliwa jipya, la ukubwa uleule wa tufe la pikapu. Minyororo miwili ilinunuliwa. Ilipishanishwa chini ya mkono, wa kulia ukaenda kushoto na wa kushoto ukaenda kulia. Kichwa kikichomoka, minyororo inakidaka kabla hakijagusa barabara. Tairi zilionekana nene, lakini zilikuwa na nyufa pembeni kama kisigino cha mtu wa shamba. Zikatupwa, zikanunuliwa nyingine. Taa za nyuma zilitoka kwenye gari bovu, mwanangu akaziunga na kuzijaribu moja moja, mkewe akisimama nyuma na kutangaza. "Kulia inawaka. Kushoto inawaka. Breki inawaka. Kichwa cha dereva bado."

Fedha za vitu hivyo vipya zilitoka wapi? Mkwe wangu aliuza cherehani yake. Hakumwambia mtu. Niliuona tu ule mkeka wa chumbani kwake, una alama nne za miguu ya meza ambayo haipo tena.

*

Mwezi ulikuwa na siku mbili zilizobaki. Mwuza nafaka alituazima mizani yake ya magunia. Tela tupu walilipima gurudumu moja moja, kisha kichwa, wakajumlisha. Milango na miimo waliipima kabla ya kupakia. Vyote pamoja vilifika kilo mia sita. Uzito huo pikapu iliumudu.

"Kwa hiyo mkononi tunataka ngapi?" Mama Cheche aliuliza.

"Sitini," mwanangu alisema. "Isipungue hapo."

Walipakia. Waliweka kichwa cha tela juu ya mizani. Mizani ilisema thelathini na tano. Mwanangu alipanda, akaisogeza miimo mbele. Hamsini na moja. Akaisogeza tena. Sitini na mbili. Akaifunga.

Halafu hakuingia kwenye gari. Aliosha mikono, akaingia ndani. Nilimsikia akisema jambo moja tu.

"Baba, njoo upime."

Alimwinua kama anavyoinuliwa mtoto aliyelala. Mume wangu alikuwa amekonda, alibebeka kwa urahisi. Mkwe wangu alitangulia na kiti. Walimkalisha kando ya kichwa cha tela, na ile shali ya mwuza mkaa nikamfunika miguuni.

Mume wangu aliutazama mkono wa tela. Alitoa vidole vyake viwili, akavitia chini yake, akainua. Haukutikisika. Akatia kiganja kizima. Mishipa ya shingo ilimtoka. Haukutikisika.

"Mzito," alisema.

"Mzito, baba."

"Na hivi ndivyo unavyotakiwa."

"Hivi ndivyo."

Aliuacha mkono wake pale juu ya chuma. "Miaka thelathini na mmoja," alisema.

"Kwa mkokoteni ulikuwa sahihi, mzee," Mama Cheche alisema.

"Usinibembeleze, binti. Ulinionya, nikakufanya kichekesho." Akamgeukia mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu ajali. "Nani anakaa nyuma?"

"Hakuna anayekaa nyuma. Mtu hapandi kwenye tela."

"Likianza kuyumba?"

"Naondoa mguu kwenye mafuta. Nashika usukani wima. Sikanyagi breki kwa nguvu, wala siongezi mwendo. Likitulia nasimama, nahamisha mzigo."

"Nati za magurudumu?"

"Nakaza sasa. Baada ya mwendo mfupi nasimama, nakaza tena."

Mume wangu alitikisa kichwa. Hakusema safari njema. Tulimngoja, hakusema. Alisema, "Nenda."

Pikapu ilitoka. Tela liliifuata bila kutikisika, kama mtoto aliyeshikwa mkono. Lilipita kinu, likateremka ule mteremko polepole, sisi tukilitazama mpaka lilipopotea. Mume wangu hakutazama mpaka mwisho. Aliomba arudishwe ndani.

*

Ni mwaka wa pili sasa. Tela linafanya kazi. Seremala hakutafuta mwingine. Geti la Mama Cheche lilipelekwa, na mengine manne baada yake. Mkwe wangu ana cherehani tena, si ile ya zamani, lakini inashona. Kila baada ya miezi sita mwanangu hufungua magurudumu na kuosha beringi, hata kama hazilii.

Mume wangu hajatembea. Watu wakipita dirishani na kumwita Mkono Mwepesi, haitikii. Nimewaomba waliache jina hilo. Wengine wanasahau.

Yeye na mwanawe hawajawahi kuuzungumzia ule mteremko. Ila mwuza nafaka alitupa mizani yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, na kila asubuhi mwanangu hupima kichwa cha tela, akaja dirishani na kutaja namba.

"Sitini na nne, baba."

"Nenda."

Mwezi uliopita seremala mwenyewe alipakia, maana mteja alikuwa na haraka. Mwanangu aliwasha gari bila kuja dirishani. Nilisikia fimbo ikigonga kioo cha dirisha, mara tatu, kwa nguvu.

"Namba," mume wangu alisema.

Gari lilizimwa. Nikasikia mizani ikiburutwa.

"Arobaini na moja," mwanangu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Miimo yote ilikuwa mkiani. Waliifungua, wakaihamisha mmoja mmoja. Seremala alilalamika, kisha akaacha. Mume wangu alingoja, fimbo mkononi, macho yakiwa dirishani wala si ukutani.

"Sitini na tatu, baba."

"Nenda," alisema.